Mama Mkwe, Gadenia Haitaki Majivu

Mpendwa mama mkwe,

Gadenia ina maua kumi na manne. Nimeyahesabu leo asubuhi nikiwa nimesimama pale kati ya jiko lako na ghala la mahindi, kisha nikayahesabu tena kwa sababu nilikuwa nasikia sauti yako ikiniuliza, "Una hakika?" Nina hakika, Mama. Kumi na manne yaliyofunguka, na matumba mengine kadhaa ya kijani ambayo bado yamejisokota. Jiko lote linanukia. Hata moshi umeshindwa.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya maua tu. Nina deni la msamaha kwako. Nilikukosea mbele ya watu, nikajua kwamba nimekukosea, nikajua na namna ya kulitengeneza kosa hilo, na bado nikaiacha miaka ipite mpaka ukaondoka. Naliandika bila kulizungusha kwa sababu hukuwa na subira na mtu wa kuzungusha. Mgeni akianza na habari za mvua na za ng'ombe, ulikuwa unamkata: "Sema kitu ilikuleta." Basi ndicho hicho kilichonileta.

Nakumbuka siku niliyoileta gadenia kwenu. Ndoa yangu na Mwenda ilikuwa haijafikisha mwaka. Tulikuwa tumepanga nyumba mtaa wa Dallas, mjini Embu, na ua wote ulikuwa simenti, hata pa kuchomeka kitunguu hapakuwepo. Nilimpata muuza miche kando ya barabara, na mbele ya miche yake yote kulikuwa na kamoja kwenye karatasi nyeusi, kenye majani ya kung'aa na ua moja jeupe. Niliinama kulinusa nikasahau nilichokuwa nimetumwa sokoni. Mwisho wa mwezi nikaja nao Meru nimeupakata mapajani njia nzima. Ulitupokea na gumbuti zako za kijani miguuni. Ukauangalia mche, kisha ukaniangalia mimi.

"Hiyo ni matunda gani?"

"Si matunda, Mama. Ni maua."

"Inakuliwa?"

"Haikuliwi. Inanukia."

"Inanukia." Ulilirudia neno hilo polepole, kama mtu anayeonja chumvi. "Sasa jioni tutapika harufu?"

Mwenda alicheka mpaka akajishika mlango. Mimi pia nilicheka, lakini sikulegea. Nilikuonyesha mahali nilipopataka, ubavuni mwa jiko, panapopata jua la asubuhi, na ikifika saa saba ukuta unapatia kivuli. Gadenia haipendi jua la kuichoma mgongoni siku nzima. Kulikuwa na tatizo moja tu: hapo ndipo ulipokuwa na mstari wako wa mboga za managu, na managu yako yalikuwa yanasifiwa hadi sokoni. Nilipoamka kesho yake nikakuta managu yamechumwa yote, yako kwenye karai, na pale yalipokuwa kuna shimo la kunifika gotini. Ulikuwa umechimba shimo la mgomba, Mama. Kwa mche wenye majani kumi na moja! Na kando yake ulikuwa umeweka madebe mawili ya mbolea ya mbuzi, bado ina joto.

Tulibishana hapo karibu saa nzima. Mimi nikisema mbolea hiyo itaichoma mizizi, wewe ukisema hakuna kitu kimewahi kukataa mbolea ya mbuzi katika shamba hili. Mwishowe tukalijaza shimo nusu, tukaweka mbolea ya zamani iliyooza vizuri, kopo moja, na majani makavu juu. Nilikufundisha kuimwagilia pembeni badala ya kwenye shina. Nilikufundisha kukata matawi baada ya maua kuisha, kwa sababu ukikata mapema unakata na maua ya msimu ujao. Wakati huo nilidhani najua kila kitu. Wewe ulisikiliza kwa sikio moja huku ukipepeta maharagwe, ukasema, "Ni bwega, mwari."

Maneno hayo matatu. Ni sawa, binti yangu. Ndiyo yaliyokuwa kufuli yako ya kila jambo. Wiki yangu ya kwanza kwenu niliangusha chupa yako ya chai, ile nyekundu uliyoletewa na marehemu baba mkwe, ikapasuka ndani tukausikia mlio. Nilitaka ardhi inimeze. Ulifagia vigae ukasema ni bwega, mwari, na sikuwahi kusikia habari ya chupa hiyo tena. Nilipochelewa kushika mimba na majirani wakaanza kuniangalia tumbo, uliwaambia huko nje washughulikie mambo yao, ukarudi ndani ukaniambia maneno yale yale. Ukishayasema, jambo lilikuwa limezikwa.

Kisha Kagendo akazaliwa, akapewa jina lako kama ilivyo desturi ya kwenu na ya kwetu pia, msichana wa kwanza ni wa mama yake baba. Mwenda na mdogo wake Muthomi wakaanza siku hiyo hiyo kumwita Mama. Nilikuwa nashangaa kuwasikia wanaume wawili wazima wakimbembeleza mtoto wa wiki moja, "Mama, nyamaza, Mama." Wewe ulimpokea, ukamgeuza geuza kama unayekagua kuku sokoni, ukasema jambo ambalo sikulitilia maanani: "Sasa niko wawili. Mtu akinikosa hapa, anitafute huko."

Gadenia ilikuwa imefika kiunoni kwangu mwaka ule, na ilikuwa imetoa maua matano. Najua kwamba ulikuwa ukijifanya huna habari nayo. Najua pia, kwa sababu Muthomi aliniambia, kwamba kila Jumapili ilipokuwa na ua ulilichuma moja ukalitia ndani ya Biblia yako, na kanisani akina mama walikuwa wanagombea kukaa benchi lako.

Sasa nifike pale pa kuumiza.

Ilikuwa mwezi wa pili, wakati wa ukame, Kagendo akianza kusimama dede. Tulikuja Jumamosi na chama chako cha akina mama kilikuwa kwako, zamu ilikuwa yako kukipokea. Walikuwa wameketi uani wakimenya viazi. Nikapita kuitazama gadenia kabla hata sijasalimia. Nilishtuka. Majani yalikuwa yamegeuka manjano, mishipa tu ndiyo iliyobaki kijani. Matumba yalikuwa yameanguka kabla ya kufunguka, yamelala chini. Na kuzunguka shina, tangu kwenye ukuta mpaka kwenye njia, kulikuwa na majivu meupe, yamemwagwa siku baada ya siku, yamefanya tabaka.

Hapo ukatokea mlangoni na kifuniko cha sufuria kimejaa majivu mengine.

Nilijua majivu hufanya nini kwa gadenia. Inataka udongo wenye uchachu, na majivu huumaliza uchachu wote, halafu mti unakosa chakula hata kama umekaa juu yake. Nilijua hilo. Nisilolijua ni kufunga mdomo. Nilikuambia, mbele ya wanawake wote wale, kwa Kiswahili ili kila mtu aelewe:

"Mama, kama hunitaki katika boma hili, niambie mimi. Usiue mti badala yangu."

Visu vilinyamaza. Mama mmoja aliita jina la Yesu kwa sauti ya chini. Uliniangalia, Mama, na uso wako haukuwa na hasira. Ungekuwa na hasira ningepata la kushikilia. Uligeuka na kifuniko chako, ukarudi jikoni. Mchana uliponipakulia ulinipa sahani ya kwanza kama siku zote, na nyama kubwa juu ya mukimo wa viazi vya kupondwa. Hukuniambia ni bwega. Ilikuwa mara ya kwanza, nami niliyangoja maneno hayo hadi Jumapili jioni tulipoondoka.

Tulipofika Embu ndipo Mwenda alipoongea. Huyo mwanao si mtu wa kelele, unamjua. Aliketi kitandani akavua viatu vyote viwili, akasema, "Mama anawekanga jivu kwa kila kitu anapenda. Sukuma, ndizi, kabeji. Tukiwa watoto alikuwa anatupaka jivu kwa miguu tukiumwa na wadudu. Hiyo maua alikuwa anaipikia, na wewe umemwita muuaji."

Sikulala vizuri wiki hiyo. Nilikuwa nimeelewa mara moja, na kuelewa kulinichoma zaidi. Katika jiko lako majivu yalikuwa dawa. Ulikuwa unaamka alfajiri, unachota ya jana kabla ya kuwasha moto, unaanza na gadenia kabla ya sukuma wiki zako mwenyewe. Mti ulipozidi kuumwa, uliuzidishia dawa. Mtu wa pwani au wa mjini asingekosea hivyo. Ni kosa la mama mwenye jiko la mawe matatu na mkono usiobania.

Nilimuuliza Mwenda nifanye nini. Alisema kwenu msamaha wa mkwe hauombwi kwa simu. Unakuja, unaingia jikoni, yeye anakaa kwa kiti na wewe unakaa chini. Unampa kitu cha kujifunika. Akijifunika, imeisha. Kesho yake nikaenda dukani nikachagua leso, ya rangi ya kahawia yenye pindo jeupe, nzito, isiyochuja. Nikaikunja nikaitia kwenye begi la safari.

Mwezi uliofuata nilikuja nimejiandaa. Na hapo, Mama, ulinishinda akili. Ulinipokea kwa kicheko, ukamnyang'anya Kagendo mikononi mwangu, ukanipangusa vumbi begani kama kawaida yako mtu akitoka safari. Kwenye gadenia majivu yalikuwa yameondolewa yote, hata udongo wa juu ulikuwa umekwanguliwa. Kulikuwa na udongo mwingine, mweusi, laini, na juu yake majani ya chai yaliyokwisha kupikwa. Nilidhani umeutoa kwenye shimo la takataka. Nilifurahi, nikajiambia yamekwisha, mama amesahau, nikilianzisha tena nitamrudisha kwenye aibu ile. Leso ikabaki begini.

Ikabaki mwezi huo na mwezi mwingine. Leso hiyo imesafiri kati ya Embu na Meru mara nyingi kuliko makarani wa kaunti. Kila mara nilikuwa na sababu. Leo ana wageni. Leo goti linamuuma. Leo tuna furaha, kwa nini niharibu? Mimi ninayejisifu kwamba simwogopi mtu, ninayemwambia mwalimu mkuu wa shule ninakofundisha ukweli mchana kweupe, niliogopa kiti kifupi cha jikoni.

Gadenia nayo ikarudi. Majani mapya yalitoka ya kijani kizito, yaliyokolea mpaka kuelekea weusi. Nikasema ni mvua. Msimu mmoja iliingiwa na wale wadudu weupe wa kunata, wakaacha masizi juu ya majani, na nikakukuta umekaa kwenye kigoda na beseni la maji ya sabuni, unayapangusa jani moja moja kwa kitambaa, juu na chini, kama unayemnawisha mtoto uso kabla ya kanisa. Nikataka kukusaidia ukanifukuza. "Wewe uko na mkono ya haraka," uliniambia. "Hii inataka mtu hana haraka." Nikakaa kando yako hadi beseni likawa jeusi. Ile ndiyo siku niliyokupenda waziwazi, na leso ilikuwa ndani ya nyumba, hatua ishirini kutoka pale.

Mwaka jana moyo wako ukachoka. Ulikaa hospitali siku chache tu, hukutaka kusumbua watu. Nilifika jioni moja na ulikuwa umelala, nikasema nitakuambia kesho ukiamka. Hakukuwa na kesho yetu, Mama. Nimelia juu ya hilo hadi nimemaliza.

Siku ya mazishi, dada yako mkubwa, yule anayeishi kule juu kwenye chai, alinishika mkono nikiwa nagawa chai kwa wageni. Sikuwahi kuongea naye zaidi ya salamu.

"Kumbe ni wewe mwenye maua," akasema.

"Ni mimi, Mama."

"Dada yangu amenimalizia mchanga. Miaka yote hii! Alikuja kwangu mwaka ule akiwa na tawi moja kwa mfuko. Akaniambia, 'Angalia hii majani. Si inakaa kama ya chai yako? Sasa chai yako unailishanga nini?' Nikamwambia, chai hailishwi jivu hata kidogo. Hapa kwetu mahali kulikuwa na nyumba ya zamani, pale jiko lilikuwa, chai haishiki. Unapanda inakufa, unapanda inakufa. Wazee wote wanajua. Akajishika kichwa hivi. Akasema, 'Basi huyo msichana alisema ukweli. Nilikuwa naua.'"

Niliuliza kama ulisema hayo maneno kabisa. Akasema ulisema, ukaomba gunia. Alikuambia uchukue kijana wa kukubebea hadi barabarani ukakataa, ukalibeba mgongoni kwa kamba ya kichwani, nusu gunia la udongo wa chini ya michai, ukateremka nalo hadi huku chini kwako kwenye kahawa. Na kila mwanzo wa mvua ulirudi kuchukua jingine. Goti lile lile lililokuwa linakuuma! Mimi nikikuuliza goti limefanya nini, ulikuwa unasema ni baridi.

Nilisimama pale na birika mkononi. Kumbe miaka yote hiyo uliamini mimi ndiye niliyekuwa na haki, ukawa unalipia kosa ambalo lilikuwa wema wako mwenyewe. Na mimi nilikuwa najua ni wema, na sikukuambia. Ndilo hilo lililonikaa kooni, Mama, kuliko hata maneno ya siku ile.

Sasa nikuambie ya jana.

Boma limegawanywa, kwa amani, usiwe na wasiwasi. Jiko na nyumba yako vimemwangukia Muthomi, kitinda mimba wako, kama ulivyotaka. Ameoa. Mkewe anaitwa Nkirote, anatoka upande wa mji wa Maua, msichana mpole mwenye vidole virefu, ungempenda. Sisi tumehama nyumba, bado tuko Dallas, lakini hii ya sasa ina ua wa udongo, na ubavuni mwa jiko kuna mahali panapopata jua la asubuhi. Umeshajua nilichofikiria. Jana nilikuja na jembe, magunia mawili na kamba. Gadenia ilikuwa yangu, nilijiambia, niliileta mapajani na nitaiondoa. Najua gadenia ya umri huo ikihamishwa inaweza kususa na kufa, tena ikiwa na maua. Nilijua na nilikuja hivyo hivyo. Nilikuwa nimeamua kwamba kama nitaichunga vizuri kwangu, nitakuwa nimekulipa.

Nikazunguka jiko. Maua yalikuwa yamefunguka, lakini chini majani yalikuwa yameanza manjano, kwa sababu haijaletewa udongo wa chai tangu ulipotuacha. Na Nkirote akatokea mlangoni mwako na kifuniko cha sufuria mkononi, kimejaa majivu.

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka, Mama. Yale maneno ya zamani yalikuja na ndugu zao.

Nkirote aliliona jembe akasimama. "Mama Kagendo, umekuja kuing'oa?" Kisha, kabla sijajibu, akaanza kujitetea. "Niliona hii majani ya chini inakuwa yelo. Nikasema niiwekee jivu kidogo. Muthomi ameniambia ni ya Mama. Sitaki ikufe na mimi ndiye niko hapa."

Nililaza jembe chini. "Weka hicho kifuniko, mwari," nikamwambia, na nikajisikia nikilisema neno lako. "Hujakosea. Umeiwekea kitu kizuri mahali pabaya. Hata Mama aliiwekea."

Tukakaa kwenye kigoda na ngazi ya mlango, nikamsimulia yote. Managu, shimo la mgomba, majivu, chama, nilichokuambia, gunia mgongoni. Sikujipunguzia hata neno moja. Alipoyasikia yale niliyosema mbele ya akina mama alifunika mdomo. Kisha akauliza swali ambalo ungeuliza wewe: "Sasa huo mchanga wa chai tunatoa wapi?"

Tulipanda kwa dada yako mchana huo huo, mimi na yeye. Alitupatia udongo na ugali na maziwa, akatucheka kwamba tumekuwa wachimba migodi. Nilibeba gunia mwenyewe. Sikulifikisha mbali kabla ya kulitua, nami sina goti bovu. Tuliporudi tukayakwangua majivu, kwa mikono ili tusiikate mizizi ya juu, tukatandaza udongo mweusi, tukafunika na majani makavu. Nilimwonyesha Nkirote kumwagilia maji ya mvua ya tangi. Nilimwonyesha pa kukata maua yakiisha. Nikamwambia ayapanguse majani bila haraka. Jembe sikuligusa tena. Nimekata vijiti sita tu, vigumu kiasi, urefu wa kiganja, nimevichomeka kwenye mchanga na mboji ndani ya chupa zilizokatwa, na vitaota. Nimeotesha vigumu kuliko hivyo.

Jioni, moto ukiwa umewashwa, nilikwenda kwenye begi nikaitoa leso. Mwenda aliiona akaacha kunywa chai. Nikaingia jikoni kwako. Kagendo alikuwa anachambua maharagwe na Nkirote. Ana miaka saba sasa, na kichwa chake ni chako.

"Kagendo, kaa kwa hicho kiti kifupi."

"Ni cha Nyanya."

"Ndiyo. Kaa."

Akakaa. Nami nikaketi sakafuni, kwenye udongo, miguu nikaikunja upande. Nikamwambia, "Nina neno na Nyanya. Wewe uko na jina lake, kwa hivyo nakuambia wewe." Hakushangaa. Mtoto aliyeitwa Mama na baba yake tangu kuzaliwa hashangai upesi. Mwenda alikuwa amesimama mlangoni, na Muthomi nyuma yake.

Nilisema, "Mama, nilikuambia unaua mti kwa sababu hunitaki. Nilikuambia mbele ya chama chako. Wewe ulikuwa unautunza kwa dawa uliyoijua, na nilijua hivyo wiki hiyo hiyo, na nikakunyamazia hadi mwisho. Uliubebea udongo mgongoni. Nisamehe."

Nikampa leso kwa mikono miwili. Aliifungua, akalitazama pindo lote, mbele na nyuma, kama ambavyo wewe ungelitazama. Akajitupia mabegani. Ilimmeza, ikafika sakafuni, ikabaki nyingine ya kukanyagwa. Moto ukalia, na mimi nikawa na miaka yangu yote chini pale.

Kisha akainama, akanipangusa vumbi begani, na akasema kwa sauti kavu kabisa ya mtu mwenye kazi nyingine za kufanya:

"Ni bwega, mwari."

Muthomi alitoka nje. Mwenda akafuata. Nkirote aliendelea kuchambua maharagwe huku machozi yakimdondokea kwenye ungo. Kagendo akauliza kama sasa anaweza kuondoka na leso, nikamwambia ni yake, ilikuwa yake siku zote.

Basi, Mama, pumzika. Jembe nimemwachia Nkirote, na gadenia nimemwachia pia. Ua la kumi na tano lilikuwa linafunguka tulipowasha gari, na Kagendo amelichuma bila ruhusa, amelitia ndani ya Biblia yako.

Nakupenda, na sasa umesikia.

Mke wa mwanao,
Mama Kagendo